Jeli ya manukato inaisha harufu siku ya nane: jinsi ya kuifikisha mwezi

"Shikamoo mtaalamu. Natengeneza nyumbani jeli za kunukisha chumba na gari. Natumia gelatini, maji, chumvi kidogo, mafuta ya mchaichai na mafuta ya karafuu, kwenye vikopo vya gramu 100. Siku tatu za mwanzo harufu ni kali mno, madereva wa teksi wanalalamika kichwa kinawauma. Kufika siku ya nane hakuna kitu, na jeli bado iko nusu kopo. Nikiongeza mafuta yanaelea juu kama mchuzi. Kwenye gari jeli inayeyuka, na vikopo viwili vimepasuka vyenyewe. Mmoja amenishauri niweke mafuta ya nazi ili yashike harufu, mwingine anasema nisage vidonge vya naftalini nichanganye humo. Nataka idumu siku 30, na harufu ya siku ya kwanza isipishane sana na ya mwisho. Nifanyeje?"

Marahaba. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yana nusu ya jibu: siku tatu kali, siku ya nane kimya, na kopo bado lina jeli. Hiyo si dalili ya uchache wa mafuta. Ni dalili kwamba mafuta yanatoka bila kizuizi mwanzoni, kisha yanayobaki yanakwama chini. Ukiongeza mafuta unaukuza ukali wa siku tatu za kwanza, na siku ya nane inabaki vilevile. Unachopaswa kubuni ni njia ya kutokea harufu.

Tuanze na hesabu, maana inatuliza moyo. Kopo la gramu 100 lenye manukato asilimia 3.5 lina gramu 3.5 za mafuta. Zigawe kwa siku 30: miligramu 117 kwa siku, karibu miligramu 5 kwa saa. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 3 kina mita za ujazo 48. Kikiwa kimefungwa na kiyoyozi kinafanya kazi, tuseme nusu ya hewa yake inabadilika kila saa, yaani mita za ujazo 24. Miligramu 5 humo ni kama mikrogramu 200 kwa kila mita ya ujazo, na kwa manukato mengi pua ya mtu itaisikia bila shida. Fungua madirisha, upepo upite, hewa ibadilike mara tano kwa saa: harufu ileile inagawanywa kwenye mita za ujazo 240, inabaki mikrogramu 20 hivi. Ndiyo maana jeli moja inasifiwa kwenye chumba cha wageni chenye kiyoyozi na kulaumiwa kwenye sebule yenye baraza. Mteja wa sebule hiyo mwambie ukweli kabla hajalipa: kopo moja halitamtosha, au aliweke chooni au kabatini ambako hewa haikimbii.

Jambo la pili kabla hatujagusa sufuria: pua huzoea. Dereva anayekaa na harufu kutwa nzima huacha kuisikia ingawa ipo, na wewe unayeshinda na mafuta ya karafuu jikoni ndiye wa mwisho kufaa kuwa hakimu. Kwa hiyo usipime kwa pua yako. Muulize mtu anayetoka nje akiingia chumbani, na muhimu zaidi, pima kwa mzani. Nitarudi kwenye mzani.

Sasa, kwa nini harufu inatoka kwa pupa? Sababu ni tatu, na zinafanya kazi kwa pamoja.

Ya kwanza ni wepesi wa viungo vyenyewe. Mafuta ya manukato ni mchanganyiko, na kila kiungo kina haraka yake ya kugeuka mvuke. Kiwango cha kuchemka kinakupa mpangilio wa nani atatangulia kuondoka: limonini ya ganda la chungwa huchemka kwenye nyuzi 176, linaloli 198, sitrali ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchaichai karibu 229, eujenoli ya karafuu 254, vanilini 285. Chumbani hakuna kinachochemka, lakini mpangilio ni huohuo. Mchaichai utaondoka kabla ya karafuu, upende usipende.

Ya pili ni kina cha jeli, na hapa ndipo watengenezaji wengi hupotea. Mafuta ya juu hutoka mara moja. Ya chini lazima yapenye kwenye jeli hadi yafike juu, na safari hiyo inarefuka kila siku. Kwa jeli iliyoachwa wazi, jumla ya harufu iliyotoka hukua kwa kipeuo cha pili cha siku. Ikiwa siku ya kwanza imetoa fungu moja, basi hadi siku ya 4 yametoka mafungu mawili, hadi siku ya 9 matatu, siku ya 16 manne, siku ya 25 matano. Yaani fungu lililotoka siku ya kwanza peke yake ni sawa na lililotoka siku tisa nzima kutoka ya 16 hadi ya 25. Malalamiko ya madereva wako na ukimya wa siku ya nane yameelezwa na hesabu hiyo moja. Juu yake, uso wa jeli hukauka na kufanya ngozi, nayo inazuia zaidi.

Ya tatu ni joto. Kwa viungo vya aina hii, kila nyuzi 10 zikipanda kasi ya kugeuka mvuke inakaribia kuongezeka maradufu. Kutoka chumba cha nyuzi 25 hadi gari lililofungwa juani lenye nyuzi 55 ni mara nane. Siku moja kwenye gari hilo inakula harufu ya wiki nzima ya chumbani.

Kutokana na hayo, dawa ya kwanza ni kuachana na gelatini. Inalegea kwenye nyuzi 30 na kitu, ambazo Tanga au Mombasa ni mchana wa kawaida, na ni chakula kizuri cha bakteria. Chumvi unayoweka kuizuia isioze inazidi kuilegeza. Tumia karajinani. Huu ni unga wa kugandisha unaotokana na mwani uleule unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar: mwani wa kotonii hutoa aina ya kappa, wa spinosamu hutoa aina ya aiota. Usijaribu kuchemsha mwani mkavu wa sokoni ukadhani utapata kitu kilekile. Utapata jeli dhaifu yenye chumvi, rangi na harufu ya pwani inayoshindana na manukato yako. Nunua unga uliosafishwa.

Kwa kilo 1 ya jeli, mahali pa kuanzia ni hapa: maji yaliyochujwa gramu 873, karajinani ya kappa gramu 20, gamu ya mbegu za karobu gramu 4, kloridi ya potasiamu (chumvi inayokaza jeli) gramu 3, propilini glikoli (kimiminika kinachoshika unyevu) gramu 40, polisobeti 20 (kiunganishi cha mafuta na maji, wauzaji wengi huiita Tween 20) gramu 20, manukato gramu 35, na kihifadhi cha fenoksiethanoli gramu 5. Kappa peke yake hutoa jeli ngumu inayovunjika na kutoa maji. Gamu ya karobu inaipa unyumbufu. Ukiikosa, weka kappa gramu 14 na aiota gramu 8, na gramu 1 ya kloridi ya kalsiamu kwa ajili ya aiota.

Changanya unga wote mkavu wa kugandisha ndani ya propilini glikoli kwanza hadi uwe uji laini. Ukiumwaga unga moja kwa moja kwenye maji utafanya mabonge ambayo hayayeyuki tena. Mimina uji huo kwenye maji baridi huku ukikoroga, pandisha moto hadi nyuzi 80 au 85, ushikilie hapo dakika 10. Kloridi ya potasiamu iyeyushe pembeni kwenye maji kidogo uliyoyatoa katika yale 873, uitie mwishoni. Zima moto. Kwenye kikombe kingine uwe umeshachanganya manukato na polisobeti hadi yawe kitu kimoja. Hatua hii ukiiruka ndiyo mafuta yanaelea juu kama mchuzi. Subiri jeli ishuke hadi nyuzi 65 hivi, tia mchanganyiko wa manukato na kihifadhi, koroga dakika moja au mbili kwa mwiko bila kupiga povu, kisha mimina kwenye vikopo kabla haijaanza kuganda. Funika hapohapo. Ukitia manukato kwenye nyuzi 85, jikoni kutanukia vizuri sana, na hiyo ni harufu ya mwanzo ya bidhaa yako inayopotea. Usitumie sufuria ya chuma kisicho cha pua, maana eujenoli ikikutana na chuma hubadilika rangi kuwa nyeusi nyeusi.

Jeli itakuwa na ukungu wa maziwa, si angavu kama kioo. Ukubali. Jeli angavu inadai polisobeti mara tatu au zaidi ya mafuta, na wingi huo unailegeza jeli na kuishikilia harufu isitoke.

Ikitoa majimaji pembeni baada ya siku mbili, punguza kloridi ya potasiamu hadi gramu 2. Ikitoa matone ya mafuta, manukato yamezidi au hayakuchanganyika na polisobeti. Ikifanya ngozi ngumu kwenye vyumba vya kiyoyozi, ongeza propilini glikoli hadi gramu 60 na upunguze maji kiasi hichohicho.

Hadi hapo umepata jeli nzuri, lakini bado itatoa harufu kwa kipeuo kilekile. Udhibiti wenyewe uko kwenye kifuniko. Ukibana mdomo wa kopo kiasi kwamba harufu inatoka polepole kuliko inavyopanda kutoka chini, basi mdomo ndio unaoamua kasi, na mdomo hauchoki: siku ya 20 ni uleule wa siku ya kwanza. Mstari wa utoaji unaanza kunyooka.

Kopo lenye mdomo wa sentimita 6 lina uwazi wa sentimita za mraba 28. Kifuniko chenye matundu 6 ya milimita 6 kina uwazi wa 1.7 tu. Usidhani kasi itapungua kwa uwiano huohuo. Tundu dogo kwenye kifuniko chembamba hupitisha mvuke kwa kadiri ya kipenyo chake kuliko eneo lake, kwa sababu mvuke unalijia kutoka pande zote. Matundu mengi madogo yaliyotawanyika yanapitisha zaidi ya tundu moja kubwa lenye eneo sawa. Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kuchezea: idadi ya matundu, kipenyo chake, na unene au shingo ya kifuniko. Shingo ndefu inapunguza kasi. Kifuniko cha kuzungusha, ambacho mteja anafungua kidogo wiki ya kwanza na kuongeza baadaye, ni bora kuliko vyote, kwa sababu kinafidia pia kuondoka kwa viungo vyepesi.

Sasa mzani. Nunua wa kidijitali unaosoma gramu 0.01. Tengeneza vikopo 9 kutoka sufuria moja: vitatu vyenye matundu 4, vitatu 8, vitatu 16. Tengeneza na vingine 9 visivyo na manukato, vyenye vifuniko vilevile. Hivi vya pili usivipuuze, kwa sababu uzito unaopungua ni wa maji na mafuta kwa pamoja; ukitoa upungufu wa kopo lisilo na manukato kwenye upungufu wa kopo lenye manukato, tofauti inakukadiria mafuta yaliyotoka. Viweke kivulini chumba kimoja, pima saa ileile kila siku, andika na joto la chumba. Unatafuta tofauti iliyo karibu na gramu 0.1 kwa siku isiyoporomoka. Siku ya kwanza ikiwa 0.4 na siku ya kumi 0.05, mdomo bado ni mpana. Ikiwa 0.03 tangu mwanzo, umebana mno. Pima wakati wa masika na wakati wa kaskazi pia: hewa ya pwani ikiwa na unyevu mwingi maji ya jeli hayatoki, kopo halisinyai, na utoaji unabadilika.

Mchanganyiko wa mafuta nao una kazi yake. Kwa gramu 35, jaribu mafuta ya karafuu 12, mchaichai 9, langilangi 6, pachuli 5, na benzili benzoeti 3 kama kishikizi. Mafuta ya makonyo kutoka Pemba yanafaa badala ya yale ya karafuu yenyewe, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Eujenoli wanayo yote mawili kwa wingi. Kishikizi kina mipaka yake: kinapunguza haraka ya viungo vyepesi, hakitengenezi harufu mpya, na kikizidi kinaifanya bidhaa nzima kuwa butu. Nakwambia wazi, siku ya 25 kopo hili litanukia karafuu na pachuli. Harufu ya mchaichai iliyo sawasawa mwezi mzima haipatikani kwa jeli. Anayeitaka mwuzie kopo la siku 10 kwa bei ya siku 10.

Kwa magari, ushauri wangu ni uachane na jeli kabisa. Hata karajinani haitavumilia juu ya dashibodi. Tumia kadi. Mkemia Julius Sämann alianzisha ile kadi maarufu yenye umbo la mti huko Watertown, New York, mwaka 1952, na la kujifunza kwake ni mfuko: unafungua ncha tu, kisha unaushusha kidogo kidogo wiki baada ya wiki. Chukua kadi nene inayonyonya, ya milimita 2, sentimita 7 kwa 10, itie gramu 2 hadi 2.5 za manukato yasiyo na maji, iache kwenye mfuko uliofungwa siku mbili ili yasambae. Mfuko uwe wa selofeni au polipropilini ngumu inayolia ukiikunja. Mfuko laini wa nailoni ya kawaida, yaani polithini, hupitisha manukato ukutani mwake. Ndiyo maana duka linanukia na kadi zinafika kwa mteja zimechoka. Kwa kuhifadhi miezi mingi, weka ndani ya pakiti yenye karatasi ya alumini. Kadi ininginizwe, isigusane na dashibodi, kwani mafuta haya hulainisha plastiki na kuacha alama.

Na hapo tumefika kwenye vikopo vyako vilivyopasuka. Vitazame chini. Namba 6 ni polistireni, ile plastiki angavu inayokatika kwa kishindo, na eujenoli na limonini huitafuna. Tumia kioo, au polipropilini yenye namba 5.

Nyumba za wageni unaweza kuziuzia chupa ya vijiti badala ya jeli. Kwa mililita 100, manukato asilimia 20 na kiyeyushi cha dipropilini glikoli kilichozimuliwa kidogo kwa etha yake nyepesi ili kipande vizuri, na vijiti vya henzerani vya milimita 3. Idadi ya vijiti ndiyo bomba lako: vinne kwa chumba kidogo, vinane kwa ukumbi. Usitumie vijiti vya mianzi, vifundo vyake vinaziba njia. Na hapa ndipo mafuta ya nazi yanapokataliwa pia. Hayageuki mvuke, yanaziba vijiti, kwenye jeli yanayavuta manukato na kuyang'ang'ania, na yakikaa yanachacha. Yule aliyekushauri hakukosea kwamba yanashika harufu, yanaishika isitoke.

Naftalini usiiweke, hata kidogo. Mvuke wake huvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea sana kwetu katika maeneo ya malaria, na wengi hawajui kuwa wanayo. Mtoto mchanga aliyelazwa kwenye chumba chenye naftalini anaweza kupata manjano kali na upungufu wa damu. Kama umeshauza vikopo vyenye naftalini, virudishe. Vilevile usitumie spiriti ya viwandani isiyojulikana ina nini. Ikiwa na methanoli inaweza kupofusha.

Mafuta ya karafuu nayo ni ya kuheshimiwa. Vaa glovu unapoyapima, maana eujenoli huwasha ngozi na huweza kumpa mtu mzio wa kudumu. Mtoto mdogo akinywa mililita 5 hadi 10 ini lake linaweza kudhurika vibaya: mpeleke hospitali mara moja, msimtapishe, na mwende na chupa yenyewe. Mteja mwenye pumu ambaye kifua kinambana bidhaa hii ikiwa chumbani aiondoe na amwone daktari. Kumpunguzia matundu si suluhisho. Wewe mwenyewe ukiona vipele mikononi visivyoisha, mwone daktari wa ngozi kabla hujaendelea kutengeneza.

Kabla ya kuuza kwa wingi, mtake muuzaji wako wa manukato akupe karatasi ya usalama ya kila mchanganyiko, na nenda ofisi ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, ukaulize masharti ya ubora na lebo kwa bidhaa ya aina hii. Aliyeko Zanzibar aende ZBS, aliyeko Kenya KEBS. SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, nao ni mlango mzuri kwa mtengenezaji mdogo anayehitaji kuonyeshwa vifungashio na mashine za kufungia. Kopo linalovimba, jeli inayobadilika rangi, au ukungu unaorudi hata baada ya kuweka kihifadhi ni mambo ya kupeleka maabara na sampuli mkononi, hayatatuliwi kwa maandishi.

Anza na sufuria ndogo mbili, moja yenye manukato na moja isiyo nayo, na vile vifuniko vya aina tatu. Lebo ya "siku 30" iandike baada ya daftari lako la mzani kufika siku ya 30. Kama linaonyesha 22, andika 22.